Uyoga wa Fundi Saa

Nianze na taa, maana hasira zangu zote zilianzia hapo. Mwanangu alikuja Jumamosi moja asubuhi amekumbatia boksi, akanisalimia huku anatazama dari, akapanda kiti changu cha sebuleni na viatu vyake, akaing'oa taa ya tangi la samaki la baba yake na kufunga nyingine mpya. Alipoiwasha, sebule ilijaa mwanga mkali mpaka nikaziba macho kwa kiganja.

"Mama, hii ndiyo taa ya kisasa," akasema. "Matumbawe yanataka jua la kutosha."

"Ulimwuliza baba yako?"

"Sasa Mama, Baba atasema nini?"

Baba yake alikuwa amekaa hapo hapo, hatua mbili kutoka kwake, kwenye kiti cha magurudumu, anasikia kila neno. Nilitaka kumshusha kijana wangu kwa sikio kama zamani, ila ana miaka thelathini na saba na kipara kimeanza.

Tunamwita Meneja. Alilipata jina hilo akiwa na miaka sita, kwa jinsi alivyokuwa akiwapanga wenzake mstari kabla ya kucheza, na sasa ni meneja kweli, wa ghala la vipuri vya magari. Ni mtoto mwema, sikatai. Lakini umeneja hajui kuuacha kazini. Akiingia nyumba ya mtu anaanza kuhamisha vitu.

Mume wangu ni fundi saa, na hata mimi mkewe namwita Fundi. Tangi ni lake, lita mia mbili za maji ya chumvi, limekaa juu ya meza ya chuma aliyoichomelea mwenyewe. Ndani mna samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa, lakini hao ni wapangaji tu. Mwenye nyumba ni uyoga. Usifikiri ni uyoga wa kukaanga. Ni matumbawe laini yasiyo na mifupa, kila mmoja kisahani cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, umejishika kwenye jiwe kwa kishina kifupi. Upo wa buluu wenye madoa, upo mwekundu uliokolea, na upo wa kijani ambao taa ikiwaka asubuhi hujitandaza taratibu mpaka jiwe halionekani. Fundi alianza na mmoja, mdogo kama kifungo cha shati. Kwa miaka kumi na moja ukazaana mpaka ukafunika mawe matatu. Siri yake, alivyokuwa akisema zamani alipokuwa na maneno, ni kuuacha. Aliuweka chini kabisa, mbali na taa, mbali na pampu inayosukuma maji, na mkono wake hakuuingiza bila sababu.

"Ni kama saa," alikuwa akiniambia. "Ukiifungua kila siku kuangalia kama inakwenda, haitakwenda."

Mimi naitikia "ehe" na kuendelea na mambo yangu. Miaka kumi na moja ya kuitikia ehe, na sikuwahi hata siku moja kumwuliza yale mapipa mawili nyuma ya mlango wa jikoni ni ya nini hasa.

Kisha kiharusi kikamkuta dukani kwake, ameinamia saa ya mteja. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Lililobaki ni "hiyo". Akitaka chai, hiyo. Akitaka kugeuzwa, hiyo. Akikasirika, hiyo mara tano mfululizo. Kutikisa kichwa aliweza, kukubali na kukataa, lakini kwanza mtu umwulize swali lenyewe. Na watu, jamani, watu hawaulizi. Wakiona mtu hasemi, wanadhani hana la kusema.

Wiki tatu alizolazwa hospitali, tangi lilijitunza. Lilikuwa na mpira mwembamba uliotoka kwenye pipa la kwanza na kudondosha maji yenyewe, kidogo kidogo, kufidia yale yanayokauka juu. Siku aliyorudishwa nyumbani ndiyo siku pipa hilo lilipokwisha. Nikatazama pipa la pili, nikaonja kwa ncha ya ulimi: chumvi. Nikasema alaa, haya ndiyo yenyewe. Samaki wa bahari, maji ya bahari. Nikatoa amri kwa kila anayeingia nyumba hii: ukiona maji yameshuka chini ya ule mstari wa kalamu kwenye kioo, chota jagi kwenye pipa la chumvi, jaza. Pipa likipungua tunakoroga lingine kwa chumvi ya pakiti. Meneja alijaza, wifi yangu alijaza, mimi nilijaza kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Nilijiona mke mwema kupita kiasi.

Haikupita wiki mbili, uyoga ukaanza kunywea. Kingo zilijikunja, visahani vikawa vifungo tena. Mmoja wa buluu ulijibandua kwenye jiwe ukawa unabiringika chini kwenye mchanga. Kila mtu alikuwa na la kusema, na kila mtu alimnyoshea kidole mwenzake.

Meneja akasema ni giza, akaleta ile taa yake. Wifi akasema ni uchafu. Huyu wifi ni dada mkubwa wa Fundi. Alikuwa karani wa mahakama, na tangu astaafu hajaacha kusoma hukumu. Alikuja na brashi mpya ya kusugulia vyombo, akakunja mikono ya gauni, akayasugua mawe ya kaka yake mpaka maji yakawa kama ya kufulia. Uyoga haupendi mawe yaliyosuguliwa hivyo, hata mimi nililijua hilo. Fundi alikuwa akisema unakula vumbi letu. Nilimpokonya ile brashi.

"Wifi, nakusaidia halafu unanipokonya?"

"Nisaidie kwa kukaa chini."

Tukanuniana siku tatu. Ile taa nayo nilimwamuru Meneja aishushe, akaishusha huku ananung'unika. Nikarudisha ya zamani. Uyoga ukaendelea kunywea vile vile, na mimi nikaendelea kuwalaumu wao vile vile. Nyani haoni kundule.

Fundi alikuwa anaona yote. Tulimweka mbele ya tangi kwa sababu ndicho kitu pekee alichotaka kukitazama. Asubuhi moja Meneja amebeba jagi, anapita kwenda kujaza, Fundi akalipiga kwa mkono wa kushoto. Jagi likaruka, maji yakamwagika kwenye zulia na suruali ya kazi ya Meneja.

"Baba!"

"Hiyo! Hiyo hiyo hiyo!"

"Unataka nini, Baba? Taa?" Akatikisa kichwa kukataa. "Samaki? Baridi? Choo?" Akakataa, akakataa, na macho yake yakajaa maji. Mimi nikaja na tambara nikauliza, "Unataka maji?" Akakubali kwa nguvu mpaka kiti kikalia. Nikafurahi, nikakimbia jikoni, nikamletea glasi ya maji ya kunywa.

Hakuyanywa. Alijiegemeza, akainua glasi kwa mkono wake mzima, akaimimina yote ndani ya tangi.

Wifi alikuwa mlangoni. Alipiga kelele utafikiri ameona moto. "Maji baridi kwenye maji ya bahari! Anaua samaki wake mwenyewe! Jamani kaka yangu amekwisha!"

Kesho yake alirudia. Keshokutwa tukamficha glasi, akatumia kikombe cha chai chenye maji ya kumezea dawa. Baada ya hapo Wifi na Meneja walianza kuzungumza kwa sauti ya chini kwenye korido, na mimi nikijitokeza wananyamaza. Sijawahi kuvumilia watu wanaonong'ona ndani ya nyumba yangu.

"Semeni," nikawaambia.

Meneja alishusha pumzi. "Mama, Baba akili haziko sawa. Anapiga watu. Anamwaga vitu. Jumapili tutakaa kama familia. Nataka ahamie kwangu, kule ni chini, hakuna ngazi, na ng'ambo ya barabara kuna..."

"Ahamie wapi? Kwani yeye kabati?"

"Na daktari ataandika barua kwamba hawezi tena kujiamulia mambo yake," Wifi akaongeza. "Ni kwa usalama wake, Wifi. Tangi tutawapa watu wa duka la samaki, bado kuna uhai kidogo humo."

Nilihisi damu inanipanda hadi masikioni. Mtu ametengeneza saa za mji huu miaka arobaini, vijiskrubu ambavyo wewe ukipiga chafya vinapotea, leo anaandikiwa barua kwamba hana akili kwa sababu ya glasi moja ya maji! Niliwaambia hivyo na mengine ambayo siyaandiki. Lakini walipoondoka nilikaa kitandani, na nitasema ukweli: niliogopa. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akimimina.

Jumapili ikafika. Niliamka mapema kupika, maana hata kama watu wanakuja kukunyang'anya mume lazima wale. Mimi nilikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na miwili. Nimepikia watoto mia nne kwa siku, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani kwangu kwa sababu ya chumvi. Nilimsogeza Fundi hadi mlango wa jikoni ili asikae peke yake. Nikabandika mchuzi, nikaanza kukatakata mboga huku namlalamikia mwanawe, dada yake, na ukoo wao wote hadi kwa babu.

Kwa kulalamika huko mchuzi ukanikaukia. Niliposhtuka ulikuwa umebaki nusu sufuria. Nikauonja: umekolea chumvi, haulikiki. Nikachukua birika la maji, nikaumiminia, nikakoroga.

"Hiyo!"

Nikageuka. Fundi alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti, ameshika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto.

"Hiyo! Hiyo!" Akanyosha kidole kwenye birika. Kisha kwenye sufuria. Kisha akajipinda kiunoni, kwa shida, akanyosha kidole nyuma yake, sebuleni, kwenye tangi.

Mwiko ulinidondoka.

Mchuzi ukikauka, chumvi haiendi popote. Yanakwenda maji. Anayeongeza chumvi kwenye mchuzi uliokauka hafai kushika mwiko, ningemfukuza jikoni kwangu siku hiyo hiyo. Na mimi kwa wiki nne nzima, kila asubuhi, nilikuwa namwongezea Fundi chumvi kwenye tangi linalokauka! Nikaagiza na wengine waongeze! Pipa la kwanza lilikuwa la maji matupu ya kufidia. La chumvi lilikuwa la siku za kubadilisha maji machafu, basi. Kichaa chake chote kilikuwa kutuonyesha hilo, glasi moja moja, na sisi tunamficha vikombe.

"Ni mimi," nikamwambia. "Fundi, ni mimi ninayeuua uyoga wako?"

Akatikisa kichwa kukubali. Hakunionea hata aibu kidogo, akakubali mara mbili. Nikacheka, nikalia, nikarudi kucheka, na yeye akaketi, akafumba macho kama mtu aliyetua gunia.

Walipokuja saa saba sikuwapa hata nafasi ya kuvua viatu. Wifi alikuwa na bahasha mkononi.

"Weka hiyo bahasha mezani na usiifungue," nikasema. "Meneja, kwenye droo ya baba yako kuna kidarubini cha kupimia chumvi. Kilete."

Ni kijimrija unachodondoshea tone la maji, kisha unachungulia mwangani. Ndani kuna mistari, na Fundi alikuwa ameweka alama ndogo nyekundu mahali chumvi inapotakiwa kukomea. Meneja alichungulia. Akafuta kioo kwa shati, akachungulia tena.

"Imepita," akasema polepole. "Imepita mbali sana."

Niliwaeleza yote, sufuria na birika, na sikuficha jina la mwenye kosa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaambia. Mimi ndiye niliyetoa amri, ninyi mlikuwa vibarua tu. Wifi akaichukua ile bahasha, akaikunja mara nne na kuiingiza ndani ya mkoba wake.

"Nisamehe, Kaka," akasema.

"Hiyo," akajibu Fundi, na kila mmoja wetu alielewa.

Mimi nilikuwa natembea na kichwa juu. Nikapakua chakula. Nikasema, "Sasa basi, mtu huyu akili zake ni timamu kuliko zetu. Habari ya kuhamishwa kama kabati nisiisikie tena. Neno lake litaheshimiwa ndani ya nyumba hii."

Meneja akaweka kijiko chini. Akasogeza kiti chake mbele ya baba yake, magoti kwa magoti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu hospitali. "Baba," akasema, "nilikosa. Nilipanga bila kukuuliza. Sasa nakuuliza. Unataka kuja kukaa kwangu?"

Nilikuwa tayari nimeshatabasamu.

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

"Hakusikia vizuri," nikasema. Nikamsukuma Meneja pembeni, nikachuchumaa mimi. "Fundi. Anasema uondoke hapa. Uende kwake. Unataka kwenda?"

Akakubali.

"Umenichoka?"

Akakataa upesi, akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mteja anayeipigapiga saa mezani ili iende. Akaupiga mguu wake wa kulia kwa ngumi. Akanyosha kidole dirishani, chini, mbali, mahali penye barabara.

"Kituo cha mazoezi ya viungo, Mama," Meneja akasema taratibu. "Kiko ng'ambo ya barabara na kwangu, Baba alitusikia tukikizungumzia. Wanafundisha hata kuongea. Nilitaka kukwambia siku ile, ukanikata."

Sisi tuko ghorofa ya tatu, lifti iliyokufa, ngazi hamsini na nne. Tangu arudi hospitali mume wangu hakuwa ameteremka hata ngazi moja. Nilimwosha, nikamlisha, nikamgombania kwa kila aliyemkaribia, na sikumwuliza. Mimi niliyekuwa nawatukana wengine kwamba hawaulizi.

Akainua vidole vitatu.

"Siku tatu?" Akakataa. "Miezi mitatu?" Akakubali.

"Basi twende wote, nifunge nyumba."

Akakataa. Akanyosha kidole kwenye tangi. Nikaelewa kabla hajasema hiyo yake: chumvi iliyopanda kwa wiki nne haishushwi kwa siku moja, uyoga utakufa kwa mshtuko. Inashushwa taratibu, unachota kidogo, unarudisha maji matupu kidogo, unapima, unangoja kesho. Lazima abaki mtu hapa. Akanionyesha mimi.

Nilisimama. Nilikuwa nimekasirika, sitadanganya, nimekasirika kuliko siku ya taa. Nimempigania mwanamume huyu arudishiwe kauli yake, na mara ya kwanza anaitumia kuniaga! Na siwezi kumpinga, maana nimekwisha kusimama mbele ya watu na kutangaza kwamba neno lake ni neno. Nikaenda jikoni nikashika ukingo wa sinki.

Wifi akanifuata. Akafunga mlango nyuma yake, akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi sauti yake haikuwa ya mahakama.

"Wifi yangu," akaninong'oneza, "kama hutaki aende, bado ile barua ninayo kwenye mkoba. Useme tu kwamba hajui anachosema. Meneja atakusikiliza wewe."

Nikafungua mdomo. Mungu ananiona, niliufungua, na maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Kupitia mlango nilimsikia Meneja akiuliza kitu, akingoja, kisha akicheka, na Fundi akicheka pia, kile kicheko cha upande mmoja ambacho sikuwa nimekisikia ndani ya nyumba hii tangu augue.

"Anajua," nikasema. Sauti ilitoka kwa ukali mpaka Wifi akaniachia mkono. "Anajua kabisa anachosema."

Nikapita katikati yao bila kumtazama mtu, nikaingia chumbani, nikaanza kukunja mashati yake.